Kuirejeshea Mikono Kazi Yake

Tangu motokaa ianze kutembea juu ya ardhi, karibu kila jambo lililozuliwa ndani yake lilizuliwa kwa kusudi la kumpunguzia mwendeshaji taabu: hendeli ya kuwashia injini, iliyovunja mikono ya wengi, ilipokewa na starta, breki zilizodai nguvu zote za mguu zikapata msaada, gia zikafundishwa kujibadilisha zenyewe, na usukani, ambao zamani ulitaka mabega na kifua cha mtu mzima, ukalainishwa hata ukaweza kuzungushwa kwa kidole kimoja. Kwa hiyo asiyewafahamu wapenzi wa magari ya spoti hustaajabu, na pengine huwadhania wamepungukiwa na akili, asikiapo kwamba wapo watu ambao hununua gari dogo la viti viwili, lenye pawa stelingi iliyo nzima na isiyo na dosari yoyote, kisha hulipandisha juu ya jeki, wakaing'oa pampu, wakayafungua mabomba yake, wakaitoa reki ya usukani na kuipasua mezani, ili gari hilo liwe gumu kuligeuza kuliko lilivyotoka kiwandani.

Rai yangu ni kwamba watu hao wana haki, na haki yao ina mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba gari lenyewe liwe jepesi kwa asili yake, na jepesi hasa upande wa mbele. Wa pili ni kwamba kazi ifanywe mpaka ukomo wake, wala isiachwe nusu. Ndani ya mipaka hiyo, kuondoa pawa ni miongoni mwa matengenezo machache ambayo mwenye gari huyahisi kila dakika aendeshapo, tangu atokapo langoni mwake hadi arudipo. Nje ya mipaka hiyo ni uharibifu wa mali na hatari kwa roho za watu.

Insafu yataka kwanza ashukuriwe aliyeubuni msaada wenyewe. Francis Davis alikuwa mhandisi mkuu wa idara ya malori katika kampuni ya Pierce-Arrow ya Marekani, na kwa kazi ile alijua vema adha ya kupambana na usukani uliounganishwa na magurudumu yaliyobeba tani nyingi. Aliacha kazi, akapanga karakana ndogo mjini Waltham, katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 1926 alikuwa na gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na mafuta yaliyosukumwa na pampu kwa nguvu za injini. General Motors waliupokea uvumbuzi huo, halafu, mdororo wa uchumi ulipoyaangusha mauzo ya magari katika miaka ya 1930, wakauweka kando kwa sababu ya gharama. Vita vya Pili vya Dunia vikauchukua kwa ajili ya magari mazito ya jeshi. Na mwaka 1951, hati za uvumbuzi za Davis zikiwa zimekwisha muda wake, Chrysler wakawa wa kwanza kumuuzia raia wa kawaida gari lenye pawa, nalo ni lile la fahari liitwalo Imperial, ambalo uzani wake ulikaribia tani mbili. Katika gari la namna ile msaada ulikuwa rehema, maana wazee, watu wembamba na wenye maradhi ya viungo waliweza sasa kuliingiza bandani bila ya kumwita mtu.

Taabu ilianza pale rehema hiyo iliposhushwa hatua kwa hatua kutoka katika magari mazito hadi katika magari ambayo hayakuwa na mzigo wa kusaidiwa. Mwezi wa Februari 1989, katika maonyesho ya magari ya Chicago, kampuni ya Mazda ya Hiroshima iliwaonyesha walimwengu gari dogo la wazi lililoitwa MX-5, ambalo Wamarekani walilijua kwa jina la Miata na Wajapani wenyewe wakaliita Eunos Roadster. Msimamizi wa kazi ile, Toshihiko Hirai, alikuwa amewapa wahandisi wake shabaha moja iliyotokana na fani ya kale ya Kijapani ya kupiga mishale juu ya farasi, nayo ni kwamba mpandaji na kipando chake wawe mwili mmoja. Injini ya lita 1.6 ilisogezwa nyuma kadiri ilivyowezekana, ili uzani ugawanyike karibu sawa kwa sawa baina ya mbele na nyuma, na gari tupu halikufika kilo 1,000. Kiwanda kilijua kwamba chombo chepesi hivyo chaweza kugeuzwa kwa mikono mitupu, kwa kuwa katika Marekani lile la bei ya chini liliuzwa bila ya pawa. Walakini mengi yaliyouzwa yalikuwa nayo, na ndiyo hayo ambayo leo, miaka thelathini na zaidi baadaye, yanafunguliwa boneti na kupunguziwa kile ambacho mnunuzi wa kwanza alikilipia.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo aghalabu husahauliwa, na bila ya kulijua mtu hawezi kufahamu kwa nini mafundi hawatafuti tu reki ya kiwandani isiyo na pawa wakaifunga. Reki ile ilipangwa kwa uwiano wa takriban 18 kwa 1, na yenye pawa kwa uwiano wa 15 kwa 1. Maana yake ni kwamba mwenye reki isiyo na pawa alilazimika kuzungusha usukani zaidi ili apate mgeuko ule ule wa magurudumu, kwa kuwa kiwanda kiliununua wepesi wa mkono kwa kuuza wepesi wa gari kuitika. Fundi aichukuaye reki yenye pawa na kuitoa pawa yake hupata kitu ambacho hakimo katika hizo mbili: wepesi wa kuitika wa ile ya pili, na ukweli wa hisia wa ile ya kwanza. Bei yake ni mikono, nayo hulipwa zaidi gari liendapo polepole.

Ukweli huo wa hisia ni upi? Tairi liwapo katika kona hugusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu, na nguvu yote ya kulivuta gari lisitoke nje ya njia hupita katika eneo hilo dogo. Nguvu hiyo haitendi kazi katikati ya eneo; hutenda nyuma kidogo ya katikati, na kwa sababu hiyo hujaribu daima kulinyoosha gurudumu, na juhudi yake ya kunyoosha ndiyo uzito ambao mwendeshaji anauhisi mikononi anapokata kona. Mwendo ukizidi, uzito nao huzidi. Lakini tairi linapoukaribia ukomo wa kushika, sehemu ya nyuma ya mguso huanza kuteleza kabla ya sehemu ya mbele, ile nguvu husogea kuelekea katikati, na uzito ule mkononi hupungua wakati tairi lingali na akiba ya kushika. Maajabu ya jambo hili hayajasifiwa vya kutosha: chuma na mpira, bila ya waya wala kioo cha kuonyesha tarakimu, humletea mtu onyo kabla ya hatari, na humletea mahali ambapo hana budi kulisikia, yaani katika ngozi ya viganja vyake. Nahodha wa jahazi ashikaye kana usiku hapati maarifa ya bahari kwa macho bali kwa mkono, na mwendeshaji wa gari jepesi lisilo na pawa huwa katika darasa hilo hilo.

Pawa haiui habari hiyo yote, na asemaye kwamba inaiua yote hasemi kweli. Mtindo wake wa kutenda kazi ni huu: ndani ya mhimili wa pinioni, ile gia ndogo iliyo mwisho wa fimbo ya usukani, umo ufito mwembamba wa chuma unaokubali kujinyonga kidogo mtu anapokata usukani, na kunyongeka kwake hufungua matundu ya vali ili mafuta yenye shinikizo yaingie upande mmoja wa pistoni iliyo juu ya reki na kuisukuma. Kadiri mkono unavyotumia nguvu zaidi ndivyo ufito unavyonyongeka zaidi na msaada unavyoongezeka. Matokeo yake ni kwamba tofauti baina ya uzito mkubwa na uzito mdogo, ambayo ndiyo habari yenyewe, huminywa ikawa tofauti ndogo. Onyo la tairi hufika likiwa limepoa, na mtikisiko wa kokoto, wa ufa wa lami, wa mahali penye unyevu, humezwa na mafuta kabla haujafika juu.

Wahandisi wa magari makubwa kwa jina walilijua jambo hili, na ikhtilafu yao juu yake imeandikwa katika vyuma vyao. Porsche 911, gari ambalo injini yake iko nyuma ya magurudumu ya nyuma na kwa hiyo mbele yake pana uzani mchache, lilikaa miaka zaidi ya ishirini bila ya pawa, mpaka toleo la 964 lilipotokea mwaka 1989 likiwa nayo. Haukupita muda mrefu, kampuni ile ile ilipotengeneza Carrera RS ya toleo hilo kwa ajili ya watu wanaopenda mashindano, iliiondoa pawa iliyoitia punde, isipokuwa katika magari yaliyoelekezwa Uingereza. Honda NSX ya mwaka 1990 iliuzwa bila ya pawa kwa wanaobadili gia kwa mkono, na kwa wanaotaka gia za kujibadilisha ikapewa msaada wa umeme. Gordon Murray alipotengeneza McLaren F1, gari ambalo halikuwa na mfano kwa mbio katika zama zake, hakutia msaada katika usukani wala katika breki. Lotus Elise ya mwaka 1996, yenye uzani wa takriban kilo 725, haikuwahi kuhitaji hata kujadiliwa. Mwenye gereji ndogo aiondoaye pawa katika MX-5 kuukuu hana la kuonea haya mbele ya majina hayo. Afanyalo ni lile walilolifanya mabwana wa fani, kwa spana na grisi na gharama ya mtu wa kawaida.

Nimepata bahati ya kusimama mezani pa fundi akiifanya kazi hii katika MX-5 ya rafiki yangu tangu mwanzo hadi mwisho, na nataka msomaji aione kama nilivyoiona, maana tofauti ya kazi njema na kazi mbovu imo ndani ya vitu vidogo sana.

Ipo njia ya mkato, nayo ndiyo inayowapotosha walio wengi. Mtu hukata mkanda wa pampu, akaona usukani umekuwa mgumu, akatangaza kwamba ameondoa pawa. Hajaondoa kitu. Mafuta yangali ndani ya reki, pistoni ingali na sili yake inayokwaruza ukuta wa silinda, na kila akatapo kona mikono yake hufanya kazi ya pampu, ikiyasukuma mafuta katika mabomba membamba. Usukani huwa mzito bila ya kuwa na habari, na akiuachia baada ya kona hurudi katikati kwa uvivu, ukiburuza. Wengine huyatoa mafuta na kuyaunganisha matundu mawili ya reki kwa bomba moja, ili hewa iende na kurudi. Hiyo ni afadhali, lakini sili ingali inaburuza, na ule ufito mwembamba ungali unajinyonga, hata mtu anapokata usukani hukutana kwanza na mnepo, ndipo magurudumu yakaitika.

Fundi wetu hakupita njia hizo. Aliishusha reki, akaisafisha matope na mafuta ya miaka mingi kwa brashi na petroli, akaibana katika jiliwa, akaanza kuifungua kwa mpango wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi: tairodi za pande zote mbili, mipira ya kuzuia vumbi, nati kubwa ya chini, kisha pinioni yenyewe. Mafuta yaliyobaki yalimwagika mekundu meusi katika sufuria. Alipoivuta fimbo ndefu ya reki nje ya ganda lake, pistoni ilionekana katikati, pete ya duara iliyozungukwa na sili nyembamba ya rangi ya hudhurungi. Akaikata sili ile kwa wembe, akaifuta pete kwa kitambaa, akairudisha fimbo ndani ya ganda na kunipa niisukume. Niliisukuma kwa vidole viwili. Ikateleza kutoka mwisho huu hadi mwisho ule bila ya sauti, na nikafahamu kwa mkono, kabla hajanieleza kwa mdomo, ni mzigo kiasi gani pete ile nyembamba ilikuwa ikiubeba kati ya barabara na dereva.

Pinioni ilichukua muda mrefu zaidi, na hapa sina budi kutia hadhari. Fundi aliishika sehemu ya juu kwa mkono mmoja na ya chini kwa mkono wa pili, akaipindua huku na huku ili nione mchezo uliomo, digrii chache tu, zinazorudi zenyewe mara mtu aachiapo kwa sababu ya ufito ulio ndani. Kuuondoa mchezo huo hutaka sehemu mbili ziunganishwe ziwe kitu kimoja, na njia iliyozoeleka ni kuzichomelea. Alitoa kwanza kila kitu cha mpira kilichokuwamo, maana moto wa kulehemu hauna huruma kwa sili. Akahakikisha kwamba ufito umetulia katikati, haujapinda upande wowote. Akachomelea alama fupi fupi, upande huu kisha upande wa pili, akingoja chuma kipoe baina ya moja na nyingine, kwa sababu chuma kilichotiwa ugumu kiwandani kikipata joto kupita kiasi hupoteza tabia yake. Kipande hicho kidogo ndicho kiungo pekee baina ya mikono ya mtu na magurudumu ya mbele. Asiye na yakini na ulehemu wake asiuguse; na amtafute fundi wa mashine aliyebobea, au arudi kwenye reki ya kiwandani isiyo na pawa, ijapokuwa uwiano wake ni wa polepole. Hakuna fahari ya kuitika kwa gari inayostahili kununuliwa kwa mashaka ya namna hii.

Yaliyosalia yalikuwa ya subira. Mahali palipokuwa pakilainishwa na mafuta ya pawa palitaka sasa grisi, na fundi aliipaka kwa wingi katika meno ya reki, katika beringi za pinioni na katika kijiti kinachoishikilia reki isicheze. Matundu ya mabomba aliyaziba kwa bolti fupi zenye washa, akiacha njia ndogo ya hewa kutoka upande mmoja wa pistoni hadi wa pili. Kisha akairekebisha ile nati inayobana reki, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, akitafuta mahali ambapo hakuna ulegevu wala mkazo. Pampu, chupa yake ya mafuta, kishikio chake na mabomba yake marefu vilitoka vyote, na nafasi iliyopatikana mbele ya injini ilikuwa kubwa hata mkono ukaweza kufika palipokuwa hapafikiki. Katika MX-5 mkanda unaozungusha pampu ya pawa ndio huo huo unaozungusha kompresa ya kiyoyozi, kwa hiyo mwenye kukihitaji kiyoyozi hutafuta mkanda mfupi zaidi, na asiyekihitaji huachana nao kabisa. Mwisho gari likaenda kupimwa alaimenti, na hapo fundi aliagiza kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ipunguzwe kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa sababu kasta nyingi huurudisha usukani katikati kwa nguvu, jambo jema penye pawa na jambo la kuchosha pasipo nayo.

Gari hilo niliendeshwa nalo, kisha nikaliendesha mwenyewe, katika barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa njia ya Soni, barabara nyembamba ya lami iliyochongwa ubavuni mwa Usambara, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo, ambayo kona zake hazimpi mtu wasaa wa kutazama mandhari. Kuliondoa gari mahali lilipoegeshwa kulinitaka nitumie mabega, sikatai. Lakini magurudumu yalipokwisha kubingirika kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka, uzito ule uliyeyuka, na kabla ya kona ya tatu nilikuwa nimeusahau. Kilichoingia mahali pake ni maarifa. Niliijua lami iliyochakaa kabla ya kuiona. Nilijua ni gurudumu lipi lililopita juu ya mchanga uliosombwa na mvua. Na katika kona moja ndefu ya kulia, iliyokuwa na kivuli cha miti na unyevu wa asubuhi, usukani uliokuwa ukinikazia mkono kwa uaminifu ukalegea kidogo, kadiri ya pumzi moja, nami nikapunguza mguu bila ya kushauriana na akili. Gari halikuteleza. Onyo lilifika mapema, likafanya kazi yake, tukaendelea kupanda.

Wasomaji wenye umri watasema kwamba hakuna jipya katika haya, nao wasema kweli. Waliojifunza udereva katika Bedford, Leyland na Land Rover za zamani hawakuijua pawa, na walifundishwa adabu ya usukani ambayo vijana wa leo hawajaisikia: usikate usukani gari likiwa limesimama, bali lisogeze hata kidogo ndipo ukate, anza kugeuza mapema, na katika njia ya mashimo usiache kidole gumba kining'inie ndani ya usukani, bali kilaze juu ya ukingo pamoja na vingine, kwa kuwa gurudumu likipiga jiwe usukani hujizungusha ghafla na mkono wake waweza kukivunja. Adabu hiyo ndiyo iliyowafikisha mwisho wa safari waendeshaji wa Safari Rally katika siku ambazo mashindano hayo yalikuwa ya maelfu ya kilomita za vumbi na tope. Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani lililoshinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews, lilikuwa na reki ya usukani isiyo na msaada wowote. Mehta aliupata ushindi wake wa mwaka ule kwa kufungana alama na Harry Källström, hata ikabidi waamuliwe kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana. Na mtu akizipima kilomita zile zote, mashimo yale yote, na mikono miwili iliyolishika gari lile dogo njia nzima, atafahamu kwamba usukani mtupu haukuwa anasa ya watu wenye nafasi, ulikuwa chombo cha kazi cha mabingwa.

Hata hivyo simshauri kila mtu. Mwenye maumivu ya mabega au ya viwiko, mwenye kuendesha kila siku katika msongamano wa mji na kuegesha katika vipenyo vyembamba, na mwenye gari ambalo injini yake nzito imekaa juu ya magurudumu ya mbele, wote hao pawa ni haki yao na waishike. Mwenye kutaka kuiondoa asimamie pia matairi yake, kwa kuwa gari lile la Mazda lilitoka kiwandani na matairi ya milimita 185, na wengi wamelivisha mapana zaidi, tena juu ya rimu zilizotokeza nje, ambazo huongeza uzito wa usukani na kuvurugia mkono habari. Matairi membamba kiasi, yenye upepo wa kutosha, huondoa nusu ya malalamiko. Usukani wenyewe usiwe mdogo mno, ingawa midogo hupendeza macho, maana kipenyo chake ndicho wenzo wa mkono. Na magari ya miaka ya karibuni, ambayo msaada wake watoka katika mota ya umeme, yasiguswe kabisa kwa kuchomoa fyuzi: mota na gia zake hubaki zimeunganishwa, mikono hulazimika kuzizungusha zikiwa zimekufa, na kompyuta ya gari hulalamika kwa taa zake zote. Tena yafaa mwenye gari aulizie mapema ukaguzi na bima, kwani chombo kilichobadilishwa sehemu ya usalama kama hii chahitaji kuandikwa kilivyo.

Kuhusu vitu vilivyotolewa, rafiki yangu mwenye gari alitaka kuviuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fundi ndiye aliyemkataza. Aliifuta pampu, akaziba midomo yake kwa vitambaa vilivyolowa mafuta ili isishike kutu, akayafunga mabomba kwa waya, akaviweka vyote katika sanduku la mbao na kuandika kwa rangi juu yake jina la gari na mwaka wake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: gari hilo lina miaka thelathini na laweza kuishi thelathini mingine, litapita katika mikono ya watu wengine ambao nguvu zao na mahitaji yao hatuyajui, na reki nyingine yenye pawa yaweza kupatikana siku zote kutoka Japani, lakini kishikio cha pampu na mabomba yaliyokunjwa kwa umbo la injini ile ni vigumu kuvipata. Sanduku hilo sasa liko darini mwa nyumba ya rafiki yangu, na gari liko barabarani.